Daftari la Harufu

Shati lilikuwa jeupe, la kuvaa kazini. Nililifua Jumamosi jioni nikalianika nyuma ya nyumba, na asubuhi nilipolianua nikakuta mgongoni vitundu vidogo kana kwamba vimetobolewa kwa ncha ya sindano. Vilikuwa vingi, vimetapakaa upande mmoja tu, ule uliotazama kiwandani. Nikadhani ni wadudu. Jirani yangu, mzee aliyestaafu baada ya kupiga zamu ndani ya kiwanda hicho karibu nusu ya umri wake, alilichukua, akalinyoosha kwenye mwanga, akaguna.

"Wadudu hawa wanaitwa asidi, mwanangu. Nguo za usiku anika upande ule wa mlangoni."

Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa. Nilikuwa nimehamia miezi mitatu tu kabla, kwa sababu ileile iliyowaleta wengi wetu: kodi nafuu na kazi karibu. Nikaja kukaa miaka tisa, hatua kama mia mbili kutoka kwenye ukuta wa kiwanda cha asidi ya sulfuriki na mbolea. Jina lake halina kazi hapa.

Miaka miwili ya kwanza nilifanya alichofanya kila mtu, yaani kulalamika. Unakwenda getini, mlinzi anaandika jina lako kwenye kitabu chake, anakuambia ujumbe umefika, unarudi nyumbani. Siku moja tuliziba barabara ya malori kwa mawe asubuhi nzima. Jioni mawe yaliondolewa, malori yakapita, na matokeo pekee yalikuwa vijana wawili wa kwetu, vibarua mle ndani, kuambiwa wasirudi tena.

Kisha ukaitishwa mkutano. Ofisa wa mazingira wa kiwanda alikuja na faili lake, mtu mpole, si lile zimwi tulilolitarajia. Akauliza harufu huja lini. Ukumbi mzima ukajibu, "Kila siku!" Saa ngapi? "Saa zote!" Hakuandika neno. Akatusomea wastani wa mwezi wa dioksidi ya salfa inayotoka kwenye dohani, ukiwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa, akafunga faili. Nilitoka na hasira naye. Njiani hasira ikanigeukia mwenyewe, kwa sababu nilijua kuwa "kila siku, saa zote" haikuwa kweli. Zilikuwapo wiki nzima ambazo hewa ilikuwa safi kabisa. Tulikuwa tumempa jibu ambalo hata mtu mwenye nia njema asingejua alishike wapi.

Nikachukua daftari la shule la mmoja wa watoto, lililobaki kurasa nyingi, nikachora safu tano: tarehe, saa, upepo unatoka wapi, harufu gani, mwili unasema nini. Mzee akaniongezea ya sita: mtambo unanguruma au uko kimya. Sikuona maana yake, niliichora kwa heshima tu.

Kwa upepo nilifunga utepe wa plastiki juu ya nguzo ya kamba ya nguo. Kwa harufu ilibidi tukubaliane maneno, maana mmoja akisema "kali" na mwingine "mbaya" hujapata kitu. "Kiberiti" ikawa ile ya njiti iliyowashwa sasa hivi, inayokereketa koo na kuacha uchachu ulimini. Hiyo ni dioksidi ya salfa. "Mkojo" ikawa ile inayopanda puani na kukutoa machozi. Hiyo ni amonia. Ya tatu, ya yai viza, ni salfaidi ya hidrojeni, na hiyo mzee alinionya kwa kidole: ikizidi sana pua hufa ganzi, unaacha kuisikia, unadhani imeondoka kumbe ndipo inapoua. Tangu siku hiyo niliacha kupima hatari kwa ukali wa harufu. Pua iliweza kuniambia saa. Kiasi haikuweza.

Mke wangu alicheka sana mwanzoni. Watoto walilichukulia kama mchezo, wakawa wananiamsha usiku: "Baba, kiberiti!" Nami naamka, nawasha taa, naandika, nachungulia utepe dirishani.

Baada ya miezi minne nilikuwa na siku 123. Usiku mbaya ulikuwa 14 tu. Nilishtuka, maana ningeapa kuwa ulipita 50. Mzee hakujali idadi. Alishusha kidole kwenye ile safu ya sita, akihesabu kwa sauti ya chini, kisha akanirudishia daftari. Katika usiku huo 14, usiku 11 ulifuata siku ambayo ngurumo ilikuwa imekatika, halafu ikarudi.

Akanieleza tukiwa tumekaa kibarazani kwake, na sijawahi kufundishwa kemia vizuri namna ile. Kwenye mtambo wa asidi, salfa huchomwa ikawa gesi, ile ile ya kiberiti. Gesi hupitishwa kwenye matabaka ya kichocheo, kitu kinachoharakisha mabadiliko, chenye metali ya vanadi ndani yake, ikageuka trioksidi ya salfa, nayo hunyonywa na asidi kali ili kuzaa asidi zaidi. Matone ya asidi yakipita bila kunaswa sawasawa, ndiyo yale yaliyotoboa shati langu. Lakini kichocheo hakifanyi kazi kikiwa baridi. Kinataka joto la nyuzi 400 hivi. Mtambo ukilala siku nzima, umeme umekatika au pampu imekufa, kichocheo hupoa. Utaratibu ni kukipasha kwanza kwa hewa ya moto, saa nyingi, unaunguza mafuta huku huzalishi hata tone. Msimamizi wa zamu mwenye haraka huingiza salfa mapema. Kichocheo bado ni vuguvugu, gesi inapita bila kugeuzwa, inatokea dohani kama ilivyoingia. Ni nzito zaidi ya mara mbili ya hewa. Na usiku uliotulia, hewa baridi inapolala chini na ya joto kuifunika kwa juu, moshi haupandi wala hauondoki. Unakaa nasi.

"Nimeuwasha hivyo mara nyingi," mzee akasema, bila kunitazama. "Mafuta yalikuwa yanahesabiwa. Vifua vyenu havikuwa vinahesabiwa."

Mkutano wa pili tulikwenda watu watano, bila mabango. Nilimpa ofisa nakala ya kurasa zile na nikamwomba kitu kimoja: alinganishe tarehe zangu 11 na kitabu cha zamu cha kiwanda. Hakuahidi, ila safari hii alikuwa anaandika. Nikamuuliza pia kuhusu wastani wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lina vipimo viwili kwa gesi hii: mikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 500 kwa wastani wa dakika 10. Hicho cha dakika 10 kipo kwa sababu mwenye pumu hukabwa kwa dakika, hasubiri mwezi uishe. Ukizichanganya dakika 40 za kukohoa na siku 29 za hewa safi, utafaulu mtihani kila mwezi.

Alinyamaza kidogo. "Dohani ina kifaa kinachopima muda wote," akasema. "Tunachotuma sisi ni wastani."

Sentensi hiyo moja ilitupa zaidi ya mawe yote tuliyobeba. Ilichukua barua nyingine nne, na miezi mitano, lakini mwishoni kiwanda kilikubali mambo mawili: kupasha kichocheo mpaka kifike joto lake kabla ya kuingiza salfa, na kumpigia simu mtu mmoja wa mtaa kabla ya kuwasha mtambo. Mwaka uliofuata niliandika "kiberiti" mara sita, mwaka mzima.

Laiti ingeishia hapo ningekuwa nimejiona bingwa. Lile la amonia likanishusha.

Ilikuwa asubuhi, mwaka wa nne. King'ora kililia. Sote tulikijua, maana kilijaribiwa kila mwezi. Tusichojua ni kilitaka tufanye nini. Watu wakatoka nje kuangalia, nami nikiwemo. Kisha wingu jeupe likatokeza juu ya ukuta, likashuka, likaanza kutambaa. Shuleni tunafundishwa kuwa amonia ni nyepesi kuliko hewa, na ni kweli. Ila ile inayochomoka kwenye bomba au tangi ikiwa kimiminika chini ya mgandamizo hutoka baridi mno, imejaa matone, na wingu lake hulala ardhini hadi lipate joto. Tukakimbia. Tulikimbilia barabarani kwa sababu ndiko miguu ilikozoea, na barabara ilielekea kule kule upepo ulikokuwa unakwenda, kwa hiyo tulikuwa tunaongozana na wingu. Utepe wangu ulikuwa unapepea juu ya nguzo ya nguo, unanionyesha kila kitu. Mimi, mwenye daftari, nilipita chini yake bila kuinua macho.

Hakufa mtu. Kiungo cha bomba kilikuwa kimevuja, kikafungwa ndani ya dakika 20. Watu kadhaa waliuguza macho na koo kwa siku chache, na bibi mmoja alianguka akavunjika mkono katika kukimbia. Baada ya hapo ndipo tulipojifunza yale ambayo yangepasa kubandikwa kwenye kila mlango tangu mwanzo: usikimbie na upepo wala usiuendee uso kwa uso, ukate kwa upande hadi utoke kwenye njia ya wingu. Kama wingu limeshafika, ingia ndani, funga madirisha, zima feni, ziba chini ya mlango kwa nguo zilizoloweshwa. Amonia huyeyuka upesi kwenye maji, hivyo hata kitambaa kibichi puani kinapunguza makali. Kwa gesi nzito kama klorini, panda ghorofani kama ghorofa ipo.

Mambo ya dakika tano kufundisha. Nililia machozi ambayo hayakuwa ya amonia niliposoma habari za Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984. Kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide kilimwaga tani zinazokaribia 40 za methili isosaianeti, gesi yenye sumu kali, juu ya vitongoji vilivyokuwa vimelala. Maelfu walikufa, watu zaidi ya 500,000 walifikiwa na gesi. Kitambaa kibichi na kutokimbia hovyo vingeokoa wengi, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia, na king'ora cha nje kilizimwa muda mfupi baada ya kuanza kulia.

Kilichoninyima usingizi, hata hivyo, ni jambo jingine. Mtambo wa kemikali ile haukuwa unazalisha usiku huo. Ulikuwa umesimama kwa wiki kadhaa. Mashine ya kupoza tangi ilikuwa imezimwa, mnara wa kuchomea gesi ulikuwa umetenganishwa na bomba lake kwa matengenezo, na wafanyakazi walikuwa wamepunguzwa kwa sababu biashara ilikuwa mbaya. Seveso, Italia, ni hivyo hivyo: mtambo uliolipuka valvu Jumamosi ya tarehe 10 Julai 1976 na kutawanya sumu ya dioksini ulikuwa umesimamishwa kwa ajili ya mapumziko ya wiki, ukaendelea kupata joto wenyewe. Wakazi wa pale walikaa zaidi ya wiki nzima, mimea inanyauka, kuku na sungura wanakufa, kabla ya kuambiwa ni sumu gani.

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikilala vizuri zaidi siku kiwanda kinaponyamaza. Safu ya sita ya mzee nikaanza kuisoma upya. Kimya cha kiwanda kinataka kuulizwa: kimesimama kwa nini, nani amebaki zamu, na tangi limejaa kiasi gani?

Tukaandika barua ya maswali matatu. Mna kemikali gani ndani? Kiasi gani kwa wakati mmoja, kwa tani? Likitokea baya kuliko yote, linafika hadi wapi? Marekani ilitunga sheria ya kuwapa majirani haki ya kujua mambo haya mwaka 1986, na Bhopal ndiyo iliyoisukuma. Ulaya ilikuwa na kanuni yake tangu 1982, wakaiita kwa jina la Seveso. Sisi jibu letu lilichukua miezi saba na lilikuja na ramani yenye mduara. Nyumba yangu ilikuwa ndani ya mduara. Shule ya msingi pia.

Hapo ndipo nilipoisikia tena ile hoja ya zamani, safari hii kutoka kwa mkubwa wa kiwanda mwenyewe: "Lakini sisi tulikuwepo kabla yenu." Ni kweli, na siidharau. Kiwanda cha mbolea cha Toulouse, Ufaransa, kilijengwa miaka ya 1920 pembezoni mwa mji. Mji ukakifuata ukakizunguka, hadi tarehe 21 Septemba 2001 ghala la nitrati ya amonia lilipolipuka likaua watu 31 na kuvunja madirisha mengi ya mji. Kinachonishangaza hadi leo ni tarehe. Miaka 80 kamili kabla yake, 21 Septemba 1921, kemikali za jamii hiyo hiyo zililipuka Oppau, Ujerumani, zikaua zaidi ya watu 500. Kwa hiyo nilimjibu mkubwa yule kwamba kutangulia kufika kunampa nafasi ya kutuambia anachokijua, na yeye anakijua tangu 1921. Hakufurahi. Ila nani aliyetoa vibali vya kujenga nyumba ndani ya mduara ule? Hilo si la kiwanda, na wale tuliopaswa kuwauliza hawakuwahi kuja kwenye mkutano hata mmoja.

Sehemu iliyoniumiza zaidi haikuwa ukutani, ilikuwa mtaani. Nusu ya nyumba zetu zililishwa na kiwanda. Nilipokuwa nikipita na daftari langu kuna majirani waliofunga milango, na mmoja aliniambia wazi, "Wewe unaandika harufu, mimi naandikiwa mshahara." Sikuwa na jibu, na sina. Mji wa Minamata, Japani, ulipasuka hivyo hivyo. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, paka wakaanza kuyumba na kujirusha majini, na ugonjwa ukaripotiwa rasmi mwaka 1956. Wagonjwa walitengwa na majirani wao wenyewe kwa kuhatarisha ajira. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kiwanda, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji taka ya kiwanda, paka akaugua vilevile. Matokeo yakafungiwa. Umwagaji uliendelea hadi 1968. Huwa nawafikiria watu wa ndani kama yule daktari, na kama mzee wangu, ambao tayari wanalo jibu ambalo sisi wa nje tunalihangaikia kwa daftari na utepe wa plastiki. Nadhani tulikosea kuwaita maadui. Bila mzee ningebaki na orodha ya usiku mbaya tu, bila kujua inasema nini.

Kuna ukurasa mmoja ambao daftari halikuweza kuujaza. Binti yangu wa pili alipata pumu akiwa na miaka mitano. Nilimpelekea daktari kurasa zangu, nikitaka aandike neno moja: kiwanda. Alizisoma kwa makini, akaniambia gesi ile inaweza kuamsha shambulio la mtu ambaye tayari ana pumu, na kwamba tarehe mbili kati ya mashambulio yake zililingana na zangu. Lakini kama ndiyo iliyompa pumu, hawezi kusema. Watoto wengi wasiojua hata kiwanda ni nini wanaugua pumu. Nilimchukia kwa wiki moja. Baadaye nilisoma jinsi madhara ya gesi ya vinili kloridi yalivyojulikana mwaka 1974: wafanyakazi wachache wa kiwanda kimoja Kentucky, Marekani, walikutwa na saratani ya mishipa ya damu ya ini, ugonjwa wa nadra kiasi kwamba wagonjwa watatu mahali pamoja hawakuweza kuwa bahati mbaya. Ugonjwa wa nadra hujitaja wenyewe. Pumu, kikohozi, kuumwa kichwa, hivi hujificha kati ya vikohozi vya dunia nzima. Nimejifunza kuishi bila lile neno moja la daktari, ingawa siku akibanwa kifua bado naangalia upepo.

Tulihama mwaka wa tisa, kwa sababu ya kazi ya mke wangu, na kwa sababu ya binti pia. Mzee alikuwa ameshafariki. Daftari la nne nilimwachia msichana wa nyumba ya tatu, aliyekuwa kidato cha pili na anayependa kemia kuliko nilivyowahi kuipenda mimi. Namba ya simu inayopigiwa na kiwanda ikahamishiwa kwa mama yake. Nilimwonyesha utepe, nikamwonyesha safu ya sita. Akauliza kwa nini hakuna safu ya kiasi, nikamwambia kwa sababu pua haijui kiasi. Akasema atatafuta kipimo.

Mwezi wa pili baada ya kuhama alinitumia picha ya ukurasa. Mwandiko mzuri kuliko wangu. Saa tisa na robo usiku, upepo kutoka kiwandani, mtambo ulikuwa kimya tangu mchana. Simu ilipigwa saa nane na nusu, madirisha yamefungwa nyumba 22 kati ya 30. Harufu: kiberiti, hafifu. Na pembeni, kwenye safu ya saba aliyoichora mwenyewe kwa rula, namba tatu za kwanza kutoka kwenye kipimo cha kuazima cha shule yake, moja ikiwa imekatwa na kuandikwa upya.